Matawi ya Kona ya Shukuru

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana wenyewe hawapendi kutajwa isipokuwa kwa sifa, na sifa nilizokuwa nazo zimeniishia. Ukiitafuta kwenye ramani utaipata. Ukiitafuta kwa gari, nakuombea dua.

Barabara za nchi hiyo ni nzuri sana. Najua hivyo kwa sababu wakubwa wote wanasema hivyo, na wao ndio wanaosafiri zaidi kuliko sisi. Kila wanapopita, trafiki huwa wameshayasukuma magari yote porini tangu asubuhi, kwa hiyo wao huiona barabara tupu, imenyooka, haina lori, haina mbuzi, haina mwendesha pikipiki aliyepakia kitanda. Wakifika waendako hushangaa kwa moyo safi wakisikia kuna watu wamekufa njiani. Wamekufaje, huuliza, na sisi tumepita huko huko leo?

Kwa mshangao huo ndipo ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Usalama Barabarani. Jengo lake limejengwa kwenye mtaa ambao magari hayaruhusiwi kupita, ili watafiti wasisumbuliwe na kelele za magari. Mkurugenzi wake ni Profesa Mbwembwe, mtu mwenye mwili wa heshima na sauti ya mimbarini. Hajawahi kushika usukani, kwa kuwa alipewa dereva kabla hajapata nafasi ya kujifunza. Wenye wivu humcheka kwa hilo. Mimi naona ni bora, kwani mtu asiyeendesha hawezi kushutumiwa kuwa anayapendelea magari.

Chini yake alikuwapo mtafiti mmoja kijana, Daktari Zawena Chambuso. Huyu ndiye mwenye hadithi hii, ingawa angefurahi sana kama ingekuwa ya mtu mwingine.

*

Sasa nikuonyeshe Kona ya Shukuru, halafu tuendelee. Ni kona iliyo juu ya korongo, kwenye mlima ambao malori yote ya vitunguu na viazi lazima yaupande kwenda mjini. Imeitwa hivyo kwa sababu abiria wakishaipita hushukuru, hata wale waliokuwa wakigombania dirisha. Malori mengi hukata roho hapo hapo kwenye kona, maana mlima huwa umeshayamaliza pumzi.

Lori likifa, dereva hufanya jambo moja kabla hata ya kufungua boneti. Huingia porini, akakata matawi mabichi, akaja kuyalaza barabarani, la kwanza mbali kabisa, la pili karibu kidogo, hivyo hivyo mpaka kwenye lori lake. Anayekuja nyuma akikutana na tawi anajua mwenzake amekwama mbele, naye hukanyaga breki. Jambo hili halifundishwi shuleni wala haliko kwenye mtihani wa leseni. Kila dereva analijua tu, kama anavyojua njia ya kwao.

Zawena alilijua kabla hajajua kusoma. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa akichoma mahindi pale konani, na binti alikuwa na kazi ya kuwakatia matawi madereva wenye viuno vibovu. Alikuwa na jicho. Alijua mti gani majani yake hayanyauki upesi, na umbali gani unamtosha dereva wa basi mwenye haraka. Baadaye akasoma, akasoma tena, akapelekwa ng'ambo kusoma zaidi, akarudi kuwa mtaalamu wa ajali.

*

Utafiti mkuu ulifanyika kwa msafara. Ajali ikitokea, safari iliombwa, ikajadiliwa, ikapitishwa, na watafiti wakawasili baada ya majeruhi kuondolewa na matairi kuibwa. Kilichobaki kilikuwa bati lililokunjamana, vioo, kiatu kimoja. Na matawi. Kila mahali walikuta matawi, mbele ya gari na nyuma ya gari, mengine yakiwa yamelazwa na dereva kabla ya kugongwa, mengine na wanavijiji baadaye, ili wengine wasije wakagonga hayo mabaki.

Profesa Mbwembwe alizunguka mabaki ya lori moja akiwa ameweka mikono nyuma. Kisha akasimama, akawageukia vijana wake.

"Tujiulize kisayansi," alisema. "Hapa pana nini ambacho barabara ninayopita mimi haina? Mimi nimesafiri nchi hii yote. Sijaona ajali. Na sijaona tawi hata moja."

Mtafiti mmoja akaanza kuandika.

"Profesa," alisema Zawena, "hayo matawi…"

"Umeyaona au hukuyaona?"

"Nimeyaona, lakini yamewekwa na…"

"Kila tulikokwenda, ulikuta matawi au hukukuta?"

"Nimekuta."

"Basi andika ulichokikuta. Mambo ya nani kaweka ni umbea, binti yangu. Sisi si wambea."

Zawena akaandika. Aliandika vizuri, maana ana Kiswahili kilichonyooka na majedwali yake yanasomeka. Usidhani hakuwa na sababu. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Mama yake alikuwa ameacha mahindi na moshi wake, amehamia kwenye nyumba ya Taasisi yenye bomba ndani, na kila asubuhi alilifungua lile bomba kidogo tu ili alisikie. Zawena alimtazama mama yake akilisikiliza bomba, akajiambia kwamba kosa lile dogo atalisahihisha kwenye toleo la pili. Angemuuliza mtu yeyote angeambiwa kwamba nchi yetu haijawahi kutoa toleo la pili la kitu chochote.

*

Waziri wa Mwendo alitangaza matokeo uwanjani, mbele ya bendi ya magereza.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumepigana na adui tusiyemjua. Tumewalaumu madereva. Tumezilaumu breki. Tumefika mahali, kwa kukosa adabu, tukailaumu Serikali. Leo wasomi wetu wamemfichua adui. Adui yetu ana majani."

Uwanja ulipiga makofi, hasa jukwaa lenye kivuli.

Sheria ikapitishwa haraka kuliko sheria yoyote ninayoikumbuka, kwa kuwa miti haina mbunge. Kukutwa na tawi bichi barabarani ikawa kosa la kukusudia kuua. Kikaundwa Kikosi cha Kuondoa Matawi, kikapewa magari mapya, mawili kati ya hayo yakapinduka wakati wa gwaride. Miti iliyo karibu na barabara ikapigwa chapa nyekundu kama washukiwa. Na kwa kuwa askari hawakutosha, Serikali ikaajiri mbuzi. Sifanyi mzaha. Mbuzi walisambazwa barabarani kula ushahidi, na kila mmoja akavalishwa kikoti cha kuakisi mwanga. Watoto wetu waendao shule alfajiri hawana vikoti hivyo mpaka leo, lakini mbuzi anaonekana toka mbali sana.

Kisha ikaja sehemu niliyoipenda zaidi. Kwa mujibu wa utafiti, ajali husababishwa na matawi. Kwa hiyo palipogongana magari bila tawi kuonekana, hapakuwa na ajali. Paliitwa tukio la kusimama ghafla. Matawi yalivyopungua, ajali nazo zikapungua, zikaisha kabisa, tukapata cheti kutoka nje. Hospitali Kuu ikafungua wodi mpya, na ilipojaa ikafungua nyingine, na juu ya milango yake wakaandika kwa rangi nzuri ya buluu: WALIOSIMAMA GHAFLA.

Zawena alianza kwenda huko kila Jumamosi na kikapu cha machungwa. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akipita kitanda hadi kitanda, anamenya, anagawa, hasemi. Siku moja dereva mmoja, mguu umetundikwa kwa kamba na uzito, alimtambua kutoka gazetini.

"Wewe si ndiye daktari wa matawi?"

"Ndiye."

"Hongera. Tunasikia redioni ajali zimekwisha." Alisema bila kejeli, masikini, alikuwa amekula vidonge vya maumivu. "Mimi nililikuta lori katikati ya njia, halina alama yoyote. Zamani nisingelikuta hivyo. Lakini zamani kulikuwa na ajali."

Zawena alishindwa kulimenya chungwa lile. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri maiti, na aibu aliyoisikia hapo haikumtoka tena. Alikula nayo, akaoga nayo, akaenda nayo ofisini. Akijaribu kumwambia Profesa, Profesa alimwonyesha cheti.

*

Hapo ndipo Hizza Mbelwa alipokamatwa.

Hizza ni dereva wa lori la vitunguu, mtu mzima, mpole, mwenye kuongea na gari lake kama mtu anayembembeleza mke. Lori lilimfia Kona ya Shukuru jioni moja, jua linaelekea kuzama na basi la abiria liko nyuma yake mlimani. Alikuwa na ile pembetatu nyekundu inayotakiwa na sheria, ila trafiki wa kizuizi cha chini walikuwa wameichukua mchana kama kielelezo, kwa kuwa ilikuwa na vumbi. Alilisikia basi likibadilisha gia kule chini. Akaingia porini.

Basi lilikuja, likayaona matawi, likapunguza, likalipita lori taratibu. Abiria wakashukuru. Hakuna aliyepata hata mchubuko, na kwa sababu hiyo mashahidi walikuwa wengi na wote wana afya.

Kesi ilisikilizwa mjini, na mimi nilipata nafasi dirishani. Shahidi wa kwanza alikuwa dereva wa basi, ambaye alikuja kumwokoa mwenzake.

"Niliyaona matawi, nikapunguza mwendo," alisema.

"Kwa hiyo matawi ya mshtakiwa yaliathiri uendeshaji wako?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Ndiyo, nilipunguza…"

"Mheshimiwa Hakimu, sina swali zaidi."

Shahidi wa pili alikuwa mtaalamu wa Serikali, Daktari Zawena Chambuso. Akiwa anasubiri kwenye korido, alijiwa na mwanamke mmoja mwenye kanga iliyofuliwa mpaka maua yamefifia. Huyo ni Mwantumu, mke wa Hizza.

"Mwanangu," alisema Mwantumu, "wanasema neno lako ndilo zito. Mimi sina la kukufundisha. Mzee anasema anakujua. Anasema wewe ni mtoto wa Bi Mwanahawa wa mahindi, ulikuwa ukimkatia matawi kiuno kikimuuma. Nikamwambia Hizza, acha kumsingizia mtoto wa watu, msomi yule."

"Hajanisingizia, mama."

"Basi utajua mwenyewe la kusema," akasema Mwantumu, akaenda kukaa.

Zawena aliingia kizimbani akala kiapo. Mwendesha mashtaka akamwomba aithibitishie mahakama kwamba matawi husababisha ajali.

"Hayasababishi," alisema Zawena. "Matawi huwekwa ili watu wasife. Nilijua hivyo siku tuliyoandika utafiti. Nilijua tangu utotoni. Niliandika uongo kwa sababu nilikuwa naogopa kupoteza kazi. Watu wamekufa kwa sababu ya uongo ule, nami nawaona kila Jumamosi waliobaki. Mwachieni huyu mzee. Mwenye kosa ni mimi."

Hizza aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekuja kucheka, na sikucheka.

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mtu wa mantiki.

"Mahakama imemsikiliza shahidi kwa makini," alisema. "Kama alisema uongo katika utafiti, basi shahidi ni mwongo, na mahakama haiwezi kumwamini mwongo anapokuja kutuambia utafiti ni wa uongo. Na kama alisema kweli katika utafiti, basi uongo ni huu wa leo. Kwa vyovyote vile, utafiti umesimama. Na kwa kuwa umesimama, mshtakiwa ameanguka."

Hizza akapewa miaka saba. Vitunguu vilikuwa vimeshaota.

*

Zawena alitoka pale akaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

"Nikamateni," alimwambia mkuu wa kituo.

"Kwa kosa gani, daktari?"

"Nimeidanganya nchi."

Mkuu wa kituo alikuna kidevu. "Hilo sisi hatuna uwezo nalo. Kuidanganya nchi ni kosa la ngazi za juu. Huku kwetu tuna wizi wa kuku."

Akaenda kwa Profesa Mbwembwe na barua ya kujiuzulu. Profesa alimkumbatia. Alisema hajawahi kuona mtafiti mwenye mashaka mazuri kama yake, na kwamba sayansi bila mashaka ni siasa. Wiki ile ile akamfanya Mkuu wa Kitengo cha Mashaka ya Kitaalamu, mwenye gari na dereva. Laiti wangemfukuza, nadhani angepona kidogo. Alikuwa akitafuta mtu wa kumkasirikia katika Serikali nzima, na wote wakamchekea.

Basi alifanya la mwisho alilolijua. Alipanda mpaka Kona ya Shukuru, akaingia porini kwa viatu vya ofisini, akatoka na matawi. Lori la viazi lilikuwa limekufa pale, dereva amejiinamia kwenye tairi kwa woga. Zawena akayalaza matawi katikati ya barabara mchana kweupe, akakaa kando kusubiri kukamatwa.

Koplo wa Kikosi cha Kuondoa Matawi alifika na mbuzi wake mwenye kikoti. Aliyaona matawi, akamwona aliyeyaweka, akasimama wima akapiga saluti.

"Utafiti unaendeleaje, daktari?"

"Si utafiti. Nimevunja sheria. Nikamate."

"Tumeagizwa kutowasumbua watafiti," alisema Koplo kwa upole, akamvuta mbuzi asije akala data.

Tangu siku hiyo Zawena yuko konani karibu kila jioni. Lori likifa, analaza matawi. Koplo anapiga saluti. Magari yanapunguza, abiria wanashukuru, na katika nchi nzima hiyo ndiyo kona pekee ambayo watu hawasimami ghafla. Ungedhani moyo wake umepoa. Niliwahi kumuuliza. Alisema kila tawi analolaza linamkumbusha kwamba kuna mtu yuko gerezani kwa kulaza tawi kama hilo, mahali hapo hapo, na kwa sababu yake.

*

Jioni moja Mwantumu naye alifika konani. Alikuwa akitoka kumwona Hizza, akalisikia basi alilopanda likipunguza mwendo, akachungulia dirishani, akaomba ashushwe. Alisimama akimwangalia Zawena akihangaika na mzigo wa matawi. Hakumsalimu. Baada ya muda akafunga kanga kiunoni, akainama, akaokota tawi moja.

Koplo akamdaka mkono papo hapo. "Mama, uko chini ya ulinzi."

"Mwachie," alisema Zawena.

"Daktari, huyu nimemkuta na tawi bichi mkononi."

Zawena alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeibiwa. Kisha neno likamtoka, wala hakujua limetoka wapi. "Huyu ni msaidizi wangu wa utafiti."

Koplo akauachia mkono, akapiga saluti ya pili, ndogo kuliko ile ya daktari. "Samahani sana mama. Ungesema tu." Akaondoka na mbuzi wake.

Mwantumu alibaki ameshika tawi. Alikuwa anafikiri, na unajua mtu anavyokuwa akifikiri jambo ambalo hataki kulifikia.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

"Hilo tu."

"Na siku ile mahakamani. Ungesema Hizza ni msaidizi wako, wangemwachia?"

Zawena alitaka kusema hajui. Alikuwa amechoka kusema uongo, akasema, "Wangemwachia."

"Lakini wewe ukasema kweli."

"Nilisema kweli, mama. Nitakwenda kesho. Nitawaambia alikuwa msaidizi wangu tangu mwanzo."

"Nani atakusikiliza? Hakimu alishakuita mwongo mbele ya watu wote." Mwantumu alisema polepole, bila hasira, na nadhani hasira ingekuwa nafuu. "Ulinyamaza siku ya kusema. Na siku ambayo neno dogo la uongo lingemleta mume wangu nyumbani, ndiyo siku uliyochagua kutubu."

Machozi yalimtoka Zawena, akayaacha. Chini mlimani gari lilisikika likibadilisha gia.

Mwantumu alilisikiliza. Akayatazama matawi yaliyolazwa barabarani, akatikisa kichwa, akaanza kushuka mlima na tawi lake, akipita la kwanza alilolaza Zawena, akiendelea kushuka mpaka akawa mdogo kule chini. Hapo ndipo alipolilaza.

"Hizza huanzia huku," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika. "Wewe umesahau, unaanzia karibu mno. Mtu akiliona, ameshafika."

Zawena alifuta uso kwa kiganja chenye utomvu, akaokota matawi yake yote, akashuka kwenda kuanza upya kutoka pale.